Profesa Kipping na Ulimbo Unaozuia Maji

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa mtoto Mombasa, na nilipokuwa mwalimu niliwakaririsha wanafunzi wangu mara nyingi, lakini maana yake sikuijua sawasawa mpaka nilipoletewa ufa wangu mwenyewe mlangoni.

Ninakaa Kileleshwa, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, katika nyumba ya ghorofa. Wakati wa masika mama mmoja anayekaa chini yangu alibisha hodi, akaniamkia kwa adabu, akaniomba niteremke nikalitazame dari la chumba cha watoto wake. Nikashuka. Nikaona doa pana la maji lililoota ukungu mweusi pembezoni, na kitanda cha mtoto kilichokuwa chini yake kimesukumwa mpaka katikati ya chumba. Nilimjibu upesi kwamba ni mvua tu, na kwamba masika yakipita doa nalo litakauka. Masika yakapita, ukaingia mwezi wa Juni na baridi yake, na doa likazidi kupanuka. Hapo sikuwa na pa kujificha. Maji hayakutoka mbinguni, yalitoka bafuni kwangu. Pale vigae vya ukutani vinapokutana na beseni la kuogea, mshono wa zamani ulikuwa umepasuka, na kila nilipooga na kila nilipotawadha maji yalipenya taratibu kwenda kwa jirani. Wasomaji wanaijua haki ya jirani, sina haja ya kuwakumbusha uzito wake. Kwa ufupi, nilikuwa nikijitakasa kwa maji yale yale yaliyokuwa yakimchafulia mwenzangu nyumba.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala katika Msikiti wa Jamia, nilishuka Biashara Street, nikavuka Moi Avenue na Tom Mboya Street, nikaingia River Road, mahali ambapo mwenye kutafuta msumari mmoja na mwenye kutafuta mabati mia wote hupata haja zao. Nikanunua tyubu moja ya silikoni pamoja na bunduki yake ya kukamulia. Jioni ile ile nikaipaka juu ya mshono wa zamani, nikailainisha kwa kidole, nikajiona nimekwisha kazi. Baada ya siku tatu ikabanduka yote, ndefu, kama gamba la nyoka.

Aliyenicheka ni mwana wa dada yangu, kijana wa mwaka wa pili ambaye anasoma kemia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Chiromo, naye anakaa kwangu kwa sababu si mbali na chuo. Aliinusa ile harufu kali kama ya siki, akasema ni asidi ya asetiki, kisha akaongeza kwamba hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kemia imemfaa tangu aianze. Usiku ule akanifungulia moyo. Anataka kuiacha kemia ajifunze biashara. Alisema kemia ni kukaa maabara mwaka mzima ukitafuta kitu ambacho hata ukikipata hakuna atakayekuuliza bei yake.

Sikumkemea. Nilimwambia aketi, nikamsimulia habari za mtu aliyeipa jina gundi ile iliyokuwa imenishinda. Mimi nami nilikutana na jina la mtu huyo pale pale Chiromo miaka ya 1970, juu ya jalada la kitabu kikuukuu cha kemia. Niliyomsimulia kijana ndiyo ninayoyaandika hapa.

Frederic Stanley Kipping alizaliwa tarehe 16 Agosti 1863 karibu na Manchester, jiji la viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mtumishi wa Benki ya Uingereza katika tawi la mji huo. Kijana alisomeshwa Manchester na kwa muda huko Caen, Ufaransa, kisha akaingia Owens College, ambayo ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha Manchester. Shahada yake, aliyoipata mwaka 1882, ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London, ingawa masomo aliyafanyia kwao. Jambo hili si geni kwetu. Chuo chetu cha Nairobi nacho, kilipoitwa Royal College tangu mwaka 1961, kiliwatayarisha wanafunzi wake kwa mitihani ya London hiyo hiyo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya mshahara wa uhakika: mkemia katika idara ya gesi ya mji wa Manchester. Lakini mwaka 1886 aliiacha, akaenda Munich, Ujerumani, kwenye maabara ya Adolf von Baeyer, mmoja wa wakemia wakubwa wa zama zile. Huko akafanya kazi chini ya Mwingereza mwenzake, William Henry Perkin mdogo. Tulikumbuke jina hili, kwani baba yake Perkin alikuwa na kisa maarufu. Mwaka 1856, akiwa kijana wa miaka 18, mzee huyo alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akaambulia tope jeusi chomboni. Mwingine angelimwaga. Yeye alilichunguza, akatoa ndani yake rangi ya zambarau ya kutilia nguo, na rangi ile ikamtajirisha. Kipping, basi, alilelewa kielimu karibu na nyumba ambayo utajiri wake ulitoka katika taka za maabara.

Urafiki wa Kipping na Perkin ukawa udugu. Mwaka 1888 Kipping alimwoa Lily Holland, na Perkin akamwoa dada yake Lily. Dada wa tatu aliolewa na mkemia mwingine, Arthur Lapworth. Wakawa wanaume watatu wa kemia katika ukwe mmoja. Kipping na Perkin walifundisha pamoja Edinburgh, na mwaka 1894 wakatoa kitabu chao cha kemia ya kaboni, kilichotumika mashuleni na vyuoni kwa miongo mingi baadaye. Ndicho kile kikuukuu nilichokiona Chiromo.

Mwaka 1890 Kipping alihamia London. Huko, pamoja na William Jackson Pope, alishughulika na kitu ambacho watu wa pwani tunakijua kwa harufu yake tu, nacho ni kafuri. Hawakuitaka kwa harufu. Waliitaka kwa sababu molekyuli zake zina tabia ya kuwa za mkono wa kulia au wa kushoto, mfano wa jozi ya makubadhi: mawili yanafanana kwa kila kitu, lakini la kulia halivaliki mguu wa kushoto. Mambo haya ya kulia na kushoto ndiyo yaliyomteka Kipping maisha yake yote.

Mwaka 1897 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, baraza kuu la wanasayansi wa Uingereza, na mwaka huo huo akateuliwa kuwa profesa wa kemia katika chuo cha Nottingham. Hakikuwa chuo kikuu kamili, kwani hati ya kutoa shahada zake chenyewe kilipewa mwaka 1948. Lakini Kipping alikaa hapo miaka 39, mpaka alipostaafu mwaka 1936.

Sasa niingie katika kiini cha habari. Iko elementi iitwayo silikoni, ambayo katika ganda la dunia inapitwa kwa wingi na oksijeni peke yake. Iko katika mchanga wa mito, katika mawe na katika kioo. Wakemia huihesabu kuwa ni ndugu ya kaboni, maana zote mbili zina mikono minne ya kushikana na elementi nyingine. Kaboni kwa mikono hiyo hujenga sukari, mafuta, mbao na miili yetu. Kipping alijiuliza: je, silikoni nayo yaweza kujengwa hivyo? Na ikijengwa, itatoa molekyuli za kulia na za kushoto?

Njia ilifunguka mwaka 1900, pale Mfaransa Victor Grignard alipogundua namna ya kutumia magnesi kuunganisha vipande vya molekyuli za kaboni. Kipping aliichukua mbinu hiyo akaitia katika silikoni. Mwaka 1907 alitangaza kwamba amepata alichokitaka: molekyuli za kulia na kushoto zenye silikoni katikati. Kwa mkemia wa wakati ule huo ulikuwa ushindi mkubwa, na mwaka 1918 Royal Society ilimtunukia nishani ya Davy.

Lakini kila alipofanya kazi hiyo kulikuwa na kero moja. Mara nyingi misombo yake ikikutana na maji haikugeuka kuwa fuwele nzuri za kupimika. Iligeuka mafuta mazito, au ulimbo wa kunata kama ule tuliokuwa tukitegea ndege utotoni. Mkemia wa siku zile alitaka fuwele, kwa kuwa fuwele husafishika na huyeyuka katika joto linalojulikana. Ulimbo haukaukiki, haupimiki, tena unaharibu vyombo. Kipping aliuchukia.

Juu ya hivyo aliupa jina. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliviita vitu vile silikone, kwa kuwa hesabu ya elementi zake ilifanana na ile ya jamii ya misombo ya kaboni iitwayo ketoni. Ndani havifanani na ketoni hata kidogo, na hilo Kipping alilijua, lakini jina likabaki. Kwa hiyo msomaji asichanganye: silikoni ni ile elementi ya mchangani, na silikone ni ule ulimbo wa Kipping, ijapokuwa mafundi wetu wa River Road huviita vyote silikoni.

Kwa takriban miaka 40 alitoa makala baada ya makala juu ya misombo ya silikoni, zikapita 50. Mwaka 1936, mwisho wa utumishi wake, Royal Society ilimpa heshima ya kutoa mhadhara wa Baker. Angeweza kujisifu. Badala yake alieleza kwa unyofu kwamba misombo aliyoifanyia kazi ni michache ikilinganishwa na ya kaboni, na kwamba haoni dalili kuwa sehemu hiyo ya kemia itapiga hatua kubwa hivi karibuni. Hakusema hayo kwa unyonge, bali kwa sababu ndivyo alivyoamini.

Alikosea, na dunia haikumkawiza kumwonyesha. Marekani, katika kampuni ya vioo ya Corning, mkemia James Franklin Hyde alikuwa akitafuta kitu kitakachokuwa kati ya kioo na plastiki. Katika kampuni ya General Electric, Eugene Rochow naye alikuwa na haja kama hiyo. Wote wawili waliirudia kazi ya Kipping. Fuwele hawakuzihitaji. Walichokihitaji ni ule ulimbo. Mwaka 1940 Rochow alipata njia rahisi ya kutengeneza mali ghafi yake kwa wingi, na mwaka 1943, Vita vya Pili vikiwa vimepamba moto, ikaundwa kampuni ya Dow Corning kwa ajili ya silikone peke yake. Bidhaa yake ya kwanza ilikuwa aina ya grisi ya kuzuia unyevu usiingie katika mitambo ya kuwashia injini za ndege zinaporuka juu sana. Yaani kazi ya kwanza kubwa ya ulimbo ule ilikuwa kuzuia maji.

Kipping alikuwa bado yu hai, mzee mstaafu aliyehamia Wales. Alifariki tarehe 1 Mei 1949 huko Criccieth, akiwa na umri wa miaka 85. Viwanda vya silikone alivikuta duniani, lakini silikone ya tyubu, hii inayokauka yenyewe kwa hewa tu, hakuikuta. Hiyo ilianza kutengenezwa miaka ya 1950.

Nilipofika hapo mwana wa dada yangu aliniuliza kwa nini basi maji hayapiti. Nilifurahi, kwa sababu hilo ni swali la kemia. Nikamwambia afikirie mnyororo wa shanga, moja silikoni, moja oksijeni, moja silikoni, moja oksijeni. Uti huo ni wa jamii ya mawe na kioo, ndiyo maana haushindwi upesi na jua wala joto. Lakini kila shanga ya silikoni ina pembeni vifundo vya kaboni na haidrojeni, navyo ni vya jamii ya mafuta, havipatani na maji. Jiwe ndani, mafuta nje.

Hapo nikakumbuka mafundi wa majahazi. Nani miongoni mwetu hajamwona fundi akikalafati chombo, akisindika pamba katika mianya ya mbao kwa nyundo na patasi? Kisha chini ya maji hupaka deheni, ambayo ni chokaa iliyochanganywa na mafuta. Deheni ni jiwe na mafuta kwa kuchanganywa, silikone ni jiwe na mafuta kwa kuunganishwa. Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini walikuwa wamekwisha kujua upande gani wa kuelekea.

Na mafundi hao wanajua jambo ambalo mimi, mwenye shahada ya Chiromo, nililisahau: hukalafati juu ya kalafati iliyooza. Silikone mpya haishiki vyema juu ya ile ya zamani, wala juu ya sabuni, wala juu ya mahali palipolowa. Kesho yake tukaanza upya. Tulikwangua mshono wa zamani kwa wembe mpaka kipande cha mwisho, tukasugua ukungu, tukapangusa kwa spiriti, tukapaacha pakauke siku mbili nzima. Muda wote huo tulitawadha jikoni. Ndipo kijana akakamua mstari mmoja usiokatika, toka pembe hadi pembe, akaulainisha mara moja tu.

Yako mambo mengine matatu ya kufaa wenye nyumba. La kwanza, gundi hii hukauka kwa kunywa unyevu ulio hewani, ikitoa ile harufu ya siki. Ngozi ya juu hujifunga kwa muda mfupi, lakini ndani hukauka milimita mbili au tatu tu kwa siku, basi msioge siku ile ile. La pili, ile yenye harufu ya siki isitumiwe kwenye marumaru wala chuma kitupu, kwa kuwa asidi yake huvila, na iko aina nyingine isiyo na asidi kwa kazi hiyo. La tatu, ni dawa ya mshono, si dawa ya ukuta. Ukuta unaovuja kwote au sakafu iliyopasuka chini ya vigae huhitaji fundi wa kuibomoa na kuitia kizuizi cha maji upya, na silikone juu yake itaficha tu maradhi.

Baada ya mwezi nilishuka tena kwa jirani. Doa lilikuwa limekauka, limebaki alama ya manjano. Nilimletea fundi wa rangi kwa gharama yangu, nikamwomba radhi kwa mvua niliyoisingizia. Alinisamehe, akanipa chai. Kitanda cha mtoto kimerudi mahali pake.

Ama yule kijana, hajaniambia bado kama ataiacha kemia. Sikumlazimisha, maana biashara nayo ni kazi ya halali. Nilimwambia hili moja, nalo ndilo ninalowaachia wasomaji. Kipping alikosea alipokadiria faida ya kazi yake, lakini hakukosea katika kuiandika. Ule ulimbo aliouchukia aliuandika kama alivyouona, jinsi ulivyopatikana na jinsi ulivyokuwa, bila kuuficha kwa kuwa ulimharibia fuwele zake. Kama angeufuta na kunyamaza, Hyde na Rochow wasingekuwa na cha kurudia. Mtu hapewi kujua ni kipi katika kazi yake kitakachowafaa wenziwe. Juu yake ni kuifanya kwa uaminifu, pamoja na ile sehemu asiyoipenda.

Jumatatu asubuhi nilimsikia anaoga, kisha akaondoka na koti lake jeupe la maabara begani. Niliingia bafuni nikapitisha kidole juu ya mshono. Ulikuwa mkavu chini, na maji yamesimama juu yake vitone vitone, kama juu ya jani la myugwa.